Ndege ya Shosho na Saa Zetu za Uongo

Kabla Anko hajaisimulia hii hadithi kwenye grupu ya familia na kunitia mimi makosani, wacha niiandike mwenyewe. Niko kidato cha tatu. Nilikuwa nimefunga shule, nimekuja nyumbani Wamagana kupumzika kama binadamu wengine, na badala yake nikageuzwa kuwa ofisi ya ndege. Sikushukuriwa na mtu. Niliambiwa tu, "Si wewe ndio unajua simu?"

Ilikuwa hivi. Anti yangu, kitinda mimba wa Shosho, nyanya yangu mzaa mama, anaishi Mombasa na bwana yake, na alikuwa na mimba ya pili. Madaktari walisema mtoto atatolewa kwa upasuaji, siku wakapanga, saa wakapanga, na picha ilikuwa imeonyesha ni msichana. Sasa kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya bwana, na wa pili jina la mama ya bibi. Huyu alikuwa wa pili. Kwa hivyo huyu alikuwa Shosho. Simaanishi angefanana na Shosho. Namaanisha alikuwa Shosho mwenyewe, anakuja mara ya pili, na Anti angekuwa akimwita "mami" huku akimbadilisha nepi.

Na Shosho hakuwa na mwingine. Anko, mtoto wake wa kwanza, amezaa wavulana watupu. Mama alizaa msichana mmoja, nikachukua jina la upande wa baba, kisha Mama akaniangalia vizuri akaona inatosha. Kwa miaka yote hiyo Shosho alikuwa akienda kwa wenzake wa kanisa kusikia "jina langu limeota jino", "jina langu limeingia nasari", na yeye hana jina lolote la kujivunia. Ndiyo maana picha ilipotoka alisema kitu kimoja, na akakisema kwa kila mtu, hadi kwa mtu wa kununua maziwa:

"Mara ya kwanza nikizaliwa sikujiona. Hii ya pili sikosi."

Alikuwa amepanga kila kitu. Angeketi nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Mtoto akitolewa, angepiga vigelegele vitatu, vya msichana, kisha yeye ndiye angekuwa mtu wa kwanza wa familia kumshika. Ni hayo tu. Hakutaka sherehe wala keki. Alitaka kuwa pale.

Magoti ya Shosho hayawezi kukaa kwa basi siku nzima. Anko anaishi Nanyuki, anauza nyasi za farasi na za ng'ombe, na kwa wateja wake alisikia kuna vindege vidogo vinavyotoka uwanja wa Nanyuki kupeleka watalii pwani. Kimoja asubuhi saa tatu na nusu, kingine mchana saa nane. Saa moja na nusu hewani, umefika. Anko akaenda ofisini kwao akakata tiketi ya Alhamisi saa nane. Upasuaji ulikuwa Ijumaa. Kila kitu kilikuwa kimepangika, na kama kungekuwa na haki duniani, hadithi ingeishia hapa na mimi ningekuwa nimelala.

Jumatatu jioni Anti akampigia Mama. Daktari amebadilisha. Sasa ni Alhamisi.

Hapa lazima nieleze ugonjwa wetu, kwa sababu mgeni hataelewa. Kwetu hakuna mtu anayesema saa ya kweli. Harusi ikiwa saa nne, kadi inaandikwa saa mbili. Mkutano wa chama ukiwa saa nane, mwenyekiti anatangaza saa sita, na wanachama, kwa sababu si wajinga, wanafika saa nane na nusu. Siku ya kurudi shule Mama huniamsha akipiga kelele kwamba ni saa moja na robo, na nje jogoo bado anafikiria. Hatuiiti kudanganya. Tunaiita kusaidia watu wasichelewe. Kila mtu akipokea saa anaikata kidogo kabla ya kuipitisha, na kila mtu akiletewa saa anaongeza anachodhani kimekatwa. Hesabu yenyewe hakuna mwalimu anaweza kuisahihisha.

Mama alikata simu akageuka. "Wewe msichana. Shosho wako anazaliwa Alhamisi saa tano asubuhi. Hiyo ndege ya saa nane haifai. Badilisha."

"Saa tano kabisa?"

"Kwani mimi ni redio ya kurudia?"

"Mimi nibadilishe aje na tiketi alikata Anko?"

"Ati aje! Si wewe ndio unakaanga macho kwa hiyo simu kutwa nzima? Leo itufaidi."

Kesho yake asubuhi nikapiga. Kwanza kuna filimbi. Mtu alirekodi filimbi moja, akaikata katikati ya pumzi, akairudia, na hiyo ndiyo unasikiliza huku sauti nyingine ikikuambia simu yako ni ya maana sana kwao. Kama ni ya maana, si mshike! Nilisikiliza ile filimbi nikiosha vyombo vyote, nikavikausha, nikavipanga. Shosho alikuwa amekaa karibu na jiko akichambua njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, na kila baada ya muda alikuwa akiuliza, "Wamesema?"

"Bado wanapiga filimbi, Shosho."

"Ni ndege ama ni skauti?"

Mwishowe dada mmoja akashika. Akataka namba ya tiketi, herufi sita. Nikaanza kuzisoma polepole, na Mama, aliyekuwa amesimama nyuma yangu kama polisi wa trafiki, akaanza kusaidia.

"Mwambie ni mtu mzee."

"Mama, ngoja."

"Mwambie ana magoti."

"Kila abiria ana magoti, Mama!"

Akaninyang'anya simu. Na Mama hawezi kuanza kuongea na mtu kabla ya kumsalimia mpaka mwisho. Habari ya huko, kazi inaendelea aje, kumenyesha? Dada akasema kumenyesha kidogo. Mama akasikia kitu kwenye sauti. "Wewe ni wa wapi, mami?" Dada alikuwa wa Othaya. Basi kwisha! Wakaanza chai ya Othaya, barabara ya Othaya, shule ambayo Mama alisomea huko muhula mmoja na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akitembea na mwavuli hata jua likiwaka. Walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa. Na hapo hapo, wakiwa katikati ya mwavuli, pesa ya simu ikaisha.

Mama akaniangalia. "Huyo msichana ni mzuri sana. Mpigie tena."

Nilipiga tena. Filimbi. Safari hii akashika kaka mmoja wa haraka haraka ambaye hakuwa wa mahali popote. Akasema Jumatano zote zimejaa watalii, lakini Alhamisi ya asubuhi imebaki nafasi moja. Ingefika saa tano kamili, lakini saa tano ya Mama haijawahi kuwa saa tano, nikasema chukua, chukua! Akasema sawa, nimetuma namba ya kuthibitisha kwa imeli ya aliyekata tiketi, unisomee.

Imeli ya aliyekata tiketi ni ya Anko. Nikampigia Anko kwa simu ya Mama huku yule kaka akingoja kwa yangu.

"Anko, fungua imeli yako haraka, kuna namba."

"Imeli yangu iko kwa yule kijana wa saiba."

"Iko kwake aje?"

"Si ndiye alinifungulia."

"Na paswadi?"

"Iko kwake pia. Ni yeye anaelewa mambo yake."

"Sasa wewe ukitumiwa imeli unasoma aje?"

"Kikiwa kitu cha maana ananipigia."

Nilitaka kulia. Yule kijana wa saiba aliachana na saiba na kompyuta zake za intaneti, siku hizi ana duka la kinyozi Timau. Nilimpata katikati ya kichwa cha mtu. Nilisikia mashine inanguruma, nikasikia akihangaika na simu nyingine, kisha akaanza: "Andika. Nne. Saba... mzee usitingishe kichwa... saba tena. Mbili... mzee nimesema tulia, hapa kutabaki mstari... sifuri." Nikamsomea kaka wa ndege. Akabonyeza bonyeza. Akasema imebadilishwa: Alhamisi, saa tatu na nusu asubuhi, na kuna ada kidogo ambayo Mama alilipa akiwa amefunga macho.

Nilitoka nje nikasimama uani kama mtu ameshinda uchaguzi. "Shosho! Utajiona!"

Shosho aliweka sufuria ya njahi chini, akanishika mashavu yote mawili na mikono yake yenye vumbi la maharagwe, akanitemea mate kidogo kifuani ya baraka. Kwa nusu saa hivi nilijiona mtu wa maana.

Mama alipouliza ndege ni saa ngapi, nilisema saa tatu. Ndio, na mimi nilikata. Nawajua. Naye Mama akampigia Anko akamwambia saa mbili. Wote tukalala tukijua tumesaidia.

Jumatano ilienda kwa mzigo. Kile kindege kinakubali kilo kumi na tano na Shosho alikuwa amepakia shamba. Tulipima begi kwa mizani ya Mama ya kupimia chakula cha kuku, dukani kwake anakouza dawa za mifugo, na kila tukitoa nduma mbili, yale magimbi yake, tukigeuka, moja imerudi. Saa kumi na moja hivi jioni Anko alituma voisi, ujumbe wa sauti, kwenye grupu ya familia. Dakika nne na sekunde kadhaa. Sisi hatusikilizi voisi za Anko. Zinaanza na kumshukuru Mungu kwa uhai, zinaingia kwa bei ya nyasi, na kabla afike kwa jambo lenyewe mtu ameshaosha miguu amelala. Mama aliweka mikono miwili ya maombi chini yake, kama kawaida, na tukaendelea kupima nduma.

Alhamisi tuliondoka na gari ya kukodi kukiwa kumepambazuka vizuri, baridi ya Agosti ile inaingia mpaka kwa meno. Shosho alikuwa amevaa koti la kanisa na kofia yake ya sufi. Kiganjo, Naro Moru, mlima umejificha nyuma ya ukungu, Shosho ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza katika historia ya familia yetu tulifika mahali mapema. Geti lilikuwa limefungwa. Mlinzi alituuliza kama tumelala hapo nje.

Walipofungua, kijana mmoja mwenye fulana ya kung'aa alichukua kitambulisho cha Shosho, akaangalia karatasi yake, akaangalia tena.

"Shosho hayuko kwa hii. Yuko kwa ya saa nane."

"Yuko kwa hii," nikasema. "Nilibadilisha mwenyewe. Juzi."

"Ni kweli ilibadilishwa juzi. Halafu ikabadilishwa tena jana mchana. Mwenyewe alikuja ofisini."

"Mwenyewe nani?"

"Aliyekata tiketi. Mzee wa nyasi."

Mama alikuwa ashapiga. Anko alishika akiwa na upepo, yuko Timau anashusha nyasi.

"Umefanya nini na tiketi ya mama?" Mama akauliza.

"Kwani hamkusikiliza voisi?"

Tukaisikiliza hapo hapo, tumesimama kwenye nyasi za uwanja wa ndege, Shosho ameketi juu ya begi. Alimshukuru Mungu. Akaongea kuhusu mvua ya Laikipia. Akaongea kuhusu lori limekwama matopeni. Dakika ya tatu na kitu, ndipo akafika: "Sasa, kuhusu safari ya mama. Dada yangu ameniambia ndege ni saa mbili, na mimi namjua dada yangu, kwa hivyo sikuhangaika. Nikampigia shemeji mwenyewe, bwana ya huyu wetu. Akaniambia upasuaji ni saa tisa. Sasa nyinyi mnajua watu. Mtu akikuambia saa tisa ni saa kumi na moja. Kwa hivyo nimerudisha ile ya saa nane, mama asiamke na hii baridi. Atafika saa tisa na nusu, anywe chai, ajizaliwe vizuri."

Mama aliishusha simu polepole.

Shida ni moja. Shemeji ni askari, na kwao ni magharibi. Yule mtu husema saa kama ilivyo. Mwaka walipokuja kuposa Anti, walikuwa wametuambia watafika saa nne asubuhi. Sisi tukapika hesabu yetu, tukaona hiyo ni saa saba. Saa nne kamili wakawa getini, wote, wamevaa suti, na wakatukuta kuku bado wanakimbia na Mama ana taulo kichwani. Tuliwaacha wakasimama nje wakijifanya kutazama mahindi. Yule mtu tumekaa naye miaka yote hiyo, na bado Anko anamwongezea saa mbili!

Nikampigia.

"Shemeji," nikasema, maana Mama humwita hivyo na mimi nimeiga, "upasuaji ni saa ngapi?"

"Saa tisa alasiri."

"Saa tisa ya ukweli?"

"Kwani kuna nyingine?"

Kisha simu ikachukuliwa na Anti, akiwa tayari kitandani na yale magauni yanayofunguka nyuma, na Mama akaweka sauti ya juu, na hapo ndipo mambo yote yalimwagika mbele ya kijana wa fulana.

"Ulisema saa sita!" Mama akapiga kelele.

"Nilisema saa sita ndio mfike mapema! Nawajua!"

"Na mimi nikamwambia huyu saa tano ndio aharakishe!"

"Na mimi nikasema ndege ni saa tatu," nikasema, kwa sababu nilikuwa naona maungamo yanaisha bila mimi.

Shosho aliinua kichwa kutoka kwa begi. "Mimi nilizaa watu gani?"

"Mama, usituanzie," Mama akasema. "Wewe ndiye ulikuwa ukituita chakula kiko mezani na hujawasha moto."

Shosho alikuwa anatazama kile kindege. Kilikuwa pale, karibu hivi ungekirushia jiwe, na watalii walikuwa wameanza kupanga foleni na mabegi yao laini. Viti kumi na viwili. Kile cha mwisho, ambacho nilikitafuta na filimbi na kinyozi, kilikuwa kimechukuliwa jana jioni na mzee mmoja mzungu mwenye kofia pana na kaptura, katika ile baridi.

Nikamwendea. Nikamweleza kwa Kiingereza changu cha shule, na najua nilieleza vibaya, lakini nilikuwa na haraka. Nilimwambia yule pale ni nyanya yangu, anazaliwa leo saa tisa, na lazima awe hapo. Yule mzee alimwangalia Shosho, akaangalia kofia ya sufi, uso wake ukafunguka kama dirisha. Akawageukia wenzake. Na hapo, naapa, watu kumi na wawili wakamwimbia Shosho wimbo wa bathdei, wote, na makofi, mmoja akampa peremende. Kisha wakapanda ndege, wakafunga mlango, wakaenda pwani.

Shosho alisimama na ile peremende mkononi mpaka kindege kikawa inzi. "Wanafurahia nini?" akaniuliza.

Nikamvutia begi aketi tena.

Tulikaa hapo hadi saa nane. Sijui kama mtu amewahi kukuonyesha saa inayotembea polepole kwa makusudi. Mama alimpigia Anti mara tano amwombe daktari asogeze kidogo, hata nusu saa. Mara ya tano Anti akasema, "Dada, daktari ananiuliza tunangoja nani, nimwambie aje? Nimwambie mtoto mwenyewe hajafika?" Wakacheka, kisha Anti akaanza kulia, kisha Mama, na mimi nikaenda kuhesabu vigingi vya ua. Anko alifika saa saba na lori, nyasi kwenye nywele, akamletea Shosho chapati moto. Shosho alichukua chapati. Anko mwenyewe hakumchukua. Alimpa mgongo akala akitazama mlima, ambao sasa, kwa ubaya wake, ulikuwa umetokea mzima mzima.

"Mama, nilitaka tu usishikwe na baridi," Anko akasema.

"Nimeskia."

"Mama."

"Nimesema nimeskia. Ongezea saa mbili, utaona nimekusamehe."

Ndege ya saa nane iliondoka saa nane na dakika kumi. Nilihesabu. Shosho alipanda ngazi peke yake, akakataa kushikwa, akakaa dirishani na hakutupungia mkono. Tulirudi Wamagana, Mama akiwa ameshika simu kama yai.

Saa tisa na dakika kumi na mbili. Hiyo ndiyo saa Shemeji aliandika, na kwa sababu ni Shemeji, hakuna haja ya kuigusa. *Msichana. Wote wazima. Saa 9:12.* Wakati huo Shosho alikuwa juu ya mawingu mahali ambapo simu haishiki, na pengine alikuwa ana peremende mdomoni. Aliyemshika mtoto kwanza ni nesi. Aliyefuata ni Shemeji. Shosho alifika hospitali saa kumi na robo.

Shemeji alitutumia video, amesahau kwamba anarekodi, nusu yake ni dari. Lakini unamwona Shosho akija kwenye ule ujia mrefu, koti la kanisa limefungwa mpaka juu, joto la Mombasa halimhusu, magoti yanakataa na yeye anayalazimisha. Anasimama mbele ya ule mlango wa upasuaji. Hakuna mtu ndani tena, mtoto yuko wodini zamani. Shemeji anasema, "Mama, ni huku." Shosho anamwinulia mkono angoje. Kisha anapiga kigelegele cha kwanza, mbele ya mlango uliofungwa. Nesi anatoka mbio akisema hapana, hapana mama, kuna wagonjwa. Anapiga cha pili. Cha tatu alikipiga chini chini, karibu kwa kunong'ona, nesi akiwa amemshika mkono. Hapo video inaonyesha dari.

Mama aliitazama mara nyingi. Mimi niliitazama mara mbili, nikaenda kulisha kuku ambao walikuwa wamekula tayari.

Ijumaa asubuhi Shosho akapiga, kwa simu ya Shemeji. Aliomba aongee na mimi, si Mama.

"Nilizaliwa," akasema.

"Nilisikia, Shosho. Uko aje?"

"Niko mdogo. Ananikunjia ngumi. Macho hafungui, nikiongea anageukia huyu askari, kwa sababu ni sauti yake alisikia kwanza." Nilisikia mtoto akilalamika kwa nyuma, na kama angekuwa na meno angekuwa Shosho kabisa. "Ile ya kurudi ni lini?"

"Jumapili. Saa tano. Saa tano ya ukweli, Shosho."

"Ibadilishe."

Nilifunga macho. "Mpaka lini?"

"Mpaka anijue."

"Shosho, hawa watu wanataka tarehe."

"Mimi nimekwambia. Sikuwa hapo akija. Siondoki akiwa ananiona mgeni."

Sikubishana. Nilipiga. Sitasema nilingoja muda gani, mtadhani nimeongezea. Aliyeshika alikuwa dada mtaratibu, akauliza tarehe mpya, nikasema tuiache wazi, akasema haiwezekani, nikamwomba aweke mwisho kabisa wa kile wanachoweza, akaweka. Kisha akasema mfumo wake unamlazimisha aandike sababu ya kubadilisha. Ugonjwa, kazi, msiba, au nyingine.

"Nyingine," nikasema.

"Naomba ueleze kidogo."

"Abiria amezaliwa jana. Bado hajajizoea."

Nilisikia vidole vya dada vikisimama kwenye kibodi.

"Nitaandika sababu za kifamilia," akasema.